Ugoro wa bibi, magadi na vijidudu tusivyoviona

Najua nimepotea. Wiki nane sijaandika kitu, na kuna walionitumia ujumbe kuniuliza kama nimedisko. Sijadisko jamani! Nilikuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, ile TP yetu, na safari hii nilipangiwa Same, yaani nyumbani kabisa. Nimerudi hosteli Mabibo juzi usiku na nguo bado ziko kwenye begi. Mengi yametokea, nitayasimulia kidogo kidogo, ila leo nina moja tu ambalo limenikaa kichwani kuliko yote. Linahusu ugoro. Ndiyo, ugoro, ile tumbaku ya unga ambayo bibi na babu zetu wananusa au kubana mdomoni, na siku hizi hata makonda na vijana wa bodaboda wanayo mfukoni.

Kama ni mara yako ya kwanza kupita hapa: mimi nasoma ualimu, mwaka wa tatu, masomo yangu ya kufundishia ni Kemia na Baiolojia. Kwa hiyo vumilia, leo kutakuwa na Kemia kidogo. Nitajitahidi isiume.

Same kwa wasioijua iko njiani ukitoka Dar kwenda Moshi. Basi likishapita Mombo, Mkomazi, Hedaru na Makanya, ukaona upepo unataka kung'oa mabati na milima imesimama upande wa kulia, ujue umefika. Mjini chini ni jua na vumbi. Mvua yote inaishia milimani, huko kwenye migomba, tangawizi, mifereji ya wazee na ukungu wa Shengena. Sisi Wapare tunataniwa na nchi nzima kwamba tuko tayari kuuza ng'ombe ili tushinde kesi ya kuku. Sibishi. Na mimi niliingia darasani nikiwa na kesi yangu: nilitaka kuthibitisha kwamba Kemia si somo la maabara peke yake.

Basi bwana, wiki ya tatu nikawa na mada ya asidi na besi, kidato cha tatu. Mnajua mada hii inavyokwenda: mtoto anakariri, anafaulu mtihani, anasahau. Nikasema hapana, mimi nitakwenda na vitu vya jikoni. Nikachemsha rozela nikapata maji mekundu, nikabeba limau, siki, majivu, sabuni ya kufulia, na bonge la magadi nililonunua sokoni. Kwenye limau maji ya rozela yakazidi wekundu. Kwenye magadi yakageuka kijani, darasa zima likapiga kelele. Maana magadi huna haja ya kumtambulisha kwa Mpare, ndiyo yanayolainisha makande. Makande magumu bila magadi utakesha nayo jikoni.

Kengele ikagonga. Darasani tunafundisha kwa Kiingereza kama sera inavyotaka, kwa hiyo maswali yenyewe hasa huwa yanakuja baada ya kengele, njiani, kwa Kiswahili. Binti mmoja mpole, ambaye tangu nifike sikuwahi kusikia sauti yake, akanifuata mpaka karibu na ofisi ya walimu. "Shikamoo mwalimu. Samahani, bibi yangu anaweka magadi kwenye ugoro. Kwani ugoro nao unalainishwa kama makande?"

Jamani! Semina zote nilizokaa pale Mlimani sijasikia swali zuri kama hilo. Nikamwambia, nipe mpaka Jumatatu.

Nusu ya jibu nilikuwa nayo. Nikotini, ile kemikali inayomfanya mtu aitake tumbaku, ni besi. Ilitenganishwa kutoka kwenye tumbaku kwa mara ya kwanza mwaka 1828 na Wajerumani wawili, Posselt na Reimann, huko Heidelberg. Ndani ya jani nikotini nyingi imeshikwa na asidi za jani lenyewe, yaani iko kama chumvi. Ikiwa imeshikwa hivyo inayeyuka kwenye mate vizuri tu, ila haipenyi kirahisi kwenye ngozi laini ya mdomo na ya pua. Sasa weka magadi, ambayo ni kabonati na baikabonati ya sodiamu kutoka maziwa kama Natron. Magadi yanainyang'anya nikotini ile asidi. Nikotini inabaki huru, na nikotini huru inapenya kama mafuta ya taa kwenye kitambaa.

Hesabu yake ni rahisi kwa aliyesoma pH. Kwenye pH 6, nikotini iliyo huru ni kama 1 tu katika kila 100. Kwenye pH 7 ni kama 10. Kwenye pH 8 ni nusu kwa nusu. Kwenye pH 9 inazidi 90. Jani ni lile lile, kiasi ni kile kile, kilichobadilika ni magadi tu. Kwa hiyo magadi hayalainishi ugoro, yanaufungulia mlango. Na wazee wetu walilijua hilo kwa kuonja, bila kusoma pH kwa mtu yeyote.

Nusu ya pili ya jibu ilikuwa mlimani. Jumamosi nikapanda gari la Mbaga kupitia Mwembe, kona juu ya kona, magunia, kuku na watoto wa watu mapajani, nikaenda kumwona bibi yangu mimi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mke mwenzangu. Mbona umekonda hivyo, huko Dar hawali?"

Ndivyo anavyoniita tangu nikiwa mdogo, na marehemu babu naye alikuwa akiniita mke wake. Nikamweleza swali la yule binti. Akacheka mpaka akashika mbavu, halafu akanivuta nyuma ya nyumba kunionyesha, maana kwa bibi yangu jibu ni kazi ya mikono.

Ana miche michache ya tumbaku pale karibu na zizi, penye mbolea. Anachuma majani ya chini yanapoanza kugeuka manjano. Anayatundika kwenye kamba juu ya jiko, yanakaa wiki kadhaa mpaka yawe ya kahawia. Hapo wengi wangedhani kazi imekwisha. Bibi anasema ndiyo kwanza inaanza. Anayanyunyizia maji kidogo, anayapanga moja juu ya jingine, anayafunga ndani ya majani makavu ya mgomba, anaweka jiwe juu, anayasukuma kwenye kona yenye joto. Anayavundika, kama unavyovundika ndizi. Baada ya siku tatu nne anafungua, majani yaliyokuwa ndani anayaleta nje, ya nje anayapeleka ndani, anafunga tena. Anarudia hivyo mpaka pua yake imwambie basi. Ndipo anatoa ule uti mnene wa jani, anakausha juani, anasaga kwenye jiwe, anatia magadi yaliyopondwa na tone la samli.

"Ukiiharakisha itakuwasha tu, utamu huupati," akaniambia. "Lazima ilale. Tumbaku isiyolala ni majani ya mbuzi."

Kulikuwa na furushi moja lililokuwa "limelala" siku ya nne. Akaniambia nitie mkono. Wadau, lilikuwa la moto! Ni kama kutia mkono chini ya kuku anayeatamia. Na harufu yake... kwanza amonia inakupiga puani kama zizi asubuhi, macho yanatoka machozi. Akanipa furushi lingine la zamani zaidi. Hilo amonia yake ilikuwa imepungua sana, na chini yake kuna harufu tamu, kama mkate unaotoka kwenye tanuri, kama zabibu kavu, na kwa mbali kama waridi. Nikakaa pale nikanusa kama mwehu. Nikajiuliza, moto huu umewashwa na nani? Na hii harufu ya mkate imetoka wapi kwenye jani la zizini?

Nimerudi chuo nimesoma sana juu ya hili (msuli ambao ningeupiga kwenye masomo yangu ningekuwa na A zote). Kumbe anachofanya bibi kwenye kona ya jiko ndicho wanachofanya Kuba kwa zile sigara nene za kuviringisha kwa mkono, zile ambazo Fidel Castro alikuwa akipigwa nazo picha kabla hajaziacha mwaka 1985. Sigara za kawaida za pakiti nyingi zinatokana na tumbaku kama ile ya Tabora na Urambo, inayokaushwa haraka kwa hewa ya moto kwenye mabani. Hiyo haivundikwi namna hii. Ya sigara nene inakaushwa taratibu kwa hewa, halafu inalowanishwa na kurundikwa kwa wiki nyingi, pengine miezi. Rundo linajipasha lenyewe, kwa kawaida kati ya nyuzi 40 na 60, wanalivunja, wanaligeuza, wanalijenga upya. Mwangwi kabisa wa bibi na jiwe lake.

Kuhusu nani anayewasha huo moto, wazungu waligombana miaka mingi. Mwaka 1891, mwaka ule ule serikali ya Ujerumani ilipochukua rasmi utawala wa huku kwetu kutoka kwa kampuni, Mjerumani mmoja aitwaye Suchsland aliandika kwamba kazi yote ni ya bakteria. Aliwatenga bakteria kutoka tumbaku nzuri akawapandikiza kwenye tumbaku ya kwao, akitumaini nayo itanukia kama ya ng'ambo. Mwenzake, Oscar Loew, mwanakemia Mjerumani aliyekuwa akifanya kazi Wizara ya Kilimo ya Marekani, akapinga. Alisema rundo lina maji machache mno kwa bakteria kustawi, kwa hiyo kazi inafanywa na vimeng'enya vya jani lenyewe. Ni kama majani ya chai huko Usambara, ambayo yanageuka meusi kwa vimeng'enya vyake yenyewe.

Sasa sikilizeni hapa walimu wenzangu. Katika kubishana huko, Loew alikutana na kimeng'enya kinachovunja haidrojeni peroksaidi kuwa maji na oksijeni, na mwaka 1901 akakipa jina: katalesi. Ndiyo hiyo hiyo! Lile jaribio la kuweka kipande cha ini au kiazi kibichi kwenye haidrojeni peroksaidi povu linafurika, jina lake limezaliwa kwenye utafiti wa tumbaku. Nimefundishwa katalesi tangu sekondari, na hakuna aliyewahi kuniambia ilitokea kwenye furushi kama la bibi.

Siku hizi wanasayansi wanasoma vinasaba vya kila kilichomo kwenye jani, na picha iliyopatikana ni kwamba kila upande ulikuwa na ukweli wake. Vimeng'enya vya jani vinaanza, vijidudu vinaendeleza. Wanaotajwa mara nyingi ni bakteria wa jamii za Bacillus, Staphylococcus, Pseudomonas na Corynebacterium, pamoja na kuvu kama Aspergillus na aina fulani za hamira. Ni kijiji kizima, na hakikai vile vile. Maji yakipungua na joto likipanda, waliokuja mwanzo wanaondoka, wanaovumilia ukavu na joto wanashika zamu. Bibi anapogeuza furushi anakiingizia hewa na kukipooza kijiji hicho, ndiyo maana akiacha kugeuza linaoza.

Na kazi wanayofanya ndiyo ile pua yangu ilisoma. Protini za jani zinakatwa kuwa amino asidi, nyingine zinaishia kuwa amonia, ndiyo ile ya zizi. Sukari na amino asidi zikikutana kwenye joto zinatengeneza pirazini, jamaa wa harufu ya mkate, karanga na kahawa iliyokaangwa. Karotenoidi, zile rangi za manjano kama za karoti, zinavunjika vipande vipande, na kimoja kati ya vipande hivyo ni damasenoni, ambayo iko pia kwenye mafuta ya waridi. Kwa hiyo sikuota, waridi lilikuwemo. Nikotini yenyewe inapungua kiasi, ukali unashuka. Na amonia inasukuma pH juu, kama magadi. Ndiyo maana mvutaji wa sigara nene hana haja ya kuvuta mpaka mapafuni, nikotini inapenya hapo hapo mdomoni. "Lazima ilale" ya bibi ni sayansi tupu.

Ningeishia hapo ingekuwa hadithi nzuri. Haiishii hapo.

Tumbaku inapenda kunyonya nitrati kutoka ardhini, na ardhi ya karibu na zizi imejaa nitrati. Kwenye lile furushi lenye joto na unyevu, baadhi ya wanakijiji wale wale, hasa jamii ya Corynebacterium na Staphylococcus, wanageuza nitrati kuwa nitriti. Nitriti ikikutana na nikotini na ndugu zake inatengeneza kitu kinaitwa nitrosamini za tumbaku. Wawili kati yao wanajulikana kwa vifupisho, NNN na NNK. Jani bichi shambani lina kidogo sana cha vitu hivi. Vinatengenezwa wakati wa kukausha, kuvundika na kuhifadhi. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, lililo chini ya WHO, katika kitabu chake cha mwaka 2007 liliwaweka wote wawili kundi la kwanza, la vitu ambavyo hakuna ubishi kwamba vinampa binadamu saratani. Tumbaku isiyo ya moshi nayo iko kundi hilo hilo: mdomo, kongosho, na katika tathmini iliyofuata wakaongeza umio, ile njia ya chakula.

Mfano unaotisha uko kwa jirani zetu wa Sudan. Wana ugoro wao unaitwa tumbaki, wa tumbaku kali ya aina ya Nicotiana rustica. Majani yanalowanishwa, yanavundikwa kwenye joto, yanasagwa, unga unahifadhiwa hata mwaka mzima, halafu unachanganywa na magadi yao wanayoyaita atroni. Yaani ni bibi yangu kabisa, kwa Kiarabu! Baadhi ya sampuli zilizopimwa zilikutwa na maikrogramu elfu kadhaa za nitrosamini hizi katika gramu moja. Upande mwingine kuna Sweden. Ugoro wao unaoitwa snus hauvundikwi, unapashwa joto kwa mvuke ili vijidudu vife, kisha unawekwa kwenye baridi. Huko kiwango ni maikrogramu moja au mbili, hata chini ya hapo. Mmea ni tumbaku kote kote. Tofauti kubwa imo kwenye namna ya kuutengeneza, na nani ameachiwa kuishi humo.

Turudi Mbaga. Usiku ule tumemaliza kula, bibi akasogea karibu na taa. "Wewe si unasoma mambo ya miili? Hebu nitazame huku." Akageuza mdomo wa chini. Pale pale anapobana ugoro, miaka 40 sasa, palikuwa na baka jeupe, limekunjamana kama ngozi ya maziwa yaliyopoa. Haliumi, akasema. Halifutiki. Lipo tangu mwaka jana.

Nilijua ni nini linaweza kuwa. Nikanyamaza kidogo nikijifanya natafuta mwanga mzuri.

Sasa unamwambiaje bibi? Ukimwambia "ugoro ni sumu" atakujibu kwamba mama yake alitumia akafa mzee. Na tayari alishaambiwa na wengi. Huku Upare Kusini Wasabato wapo tangu 1903, walipoanzia Mamba, na wao tumbaku hawaigusi. Nusu ya majirani zake wamemsema miaka yote, naye kopo lake analifunga kwenye pindo la kanga na maisha yanaendelea. Kusemwa amezoea. Nikaona nianze na anachokijua yeye, maana kwenye furushi lile bibi ndiye profesa, mimi mwanafunzi.

"Bibi, ule moto wa ndani ya furushi unajua unatoka wapi?"

"Ni tumbaku inatoka jasho."

"Jasho la nani? Kuna vijidudu, vidogo huvioni, kama vinavyochachusha togwa. Ndivyo vinavyokula majani na kutoa lile joto."

Akatafakari. "Kwa hiyo miaka yote hii nilikuwa nafuga?"

"Ulikuwa unafuga bibi."

"Na ile harufu nzuri, ni yao?"

"Ni yao na ya jani lenyewe." Kisha nikamweleza upande wa pili, mbolea ya zizi, nitrati, kitu kipya kinachozaliwa humo ndani ambacho hakina harufu wala ladha, na kwamba magadi yanafanya mwili uizoee tumbaku haraka, urudi tena na tena kuiweka pale pale.

Alikaa kimya muda mrefu. Halafu akasema neno ambalo nimeliandika kwenye daftari langu la TP: "Basi ni kama ndugu. Anayekuletea zawadi ndiye huyo huyo anayekuletea kesi." Mpare ni Mpare tu. Akaniuliza kama anaweza kubakiza harufu akaacha sumu. Nikamwambia Sweden wanapasha joto na sumu inapungua sana, ila nikotini inabaki na utumwa unabaki. "Sasa unataka nipike tumbaku?" Nikamwambia, "Hapana bibi, nataka Jumatatu tushuke wote hospitali."

Tulishuka. Daktari wa meno alimwangalia, akaandika barua, tukaenda Moshi. Kule walikata kipande kidogo cha lile baka wakakipeleka maabara. Tulisubiri majibu wiki tatu. Nilikuwa naingia darasani nafundisha, natoka, naangalia simu. Nilijifunza kwamba wiki tatu ni ndefu kuliko muhula.

Majibu yakaja: seli zimebadilika kidogo, bado si saratani. Daktari akamwambia aache, kwamba mabaka mengi ya namna hii hupungua au hupotea mtu akiacha ugoro mapema. Desemba anarudi kuangaliwa tena. Je, ameacha? Hajaacha kabisa. Kutoka kubana siku nzima amefika mara mbili kwa siku, na anasema usiku mwili unamdai kama mwenye duka. Miaka 40 na nikotini si mchezo, na mimi simsemi. Ila furushi la mwisho hakulifunga tena, na ile miche ya zizini safari hii hakuipanda. Amepanda mchicha.

Yule binti nilimpa jibu lake kamili, nusu zote mbili. Alisikiliza bila kunikatiza, akauliza kama ugoro bila magadi ni salama. Nikamwambia utakuwa mpole tu, mtu ataongeza kiasi, na zile nitrosamini ziko pale pale. Akasema, "Basi nikifika nyumbani nitamwomba bibi afungue mdomo." Hakuniaga hata, akaondoka haraka.

Ninachotaka kusema ni hiki. Tumezoea kusema kitu cha asili hakina madhara, eti kwa sababu hakijatoka kiwandani. Pakiti ya sigara ina maandishi ya onyo, tuna sheria ya tumbaku tangu 2003 na Tanzania iliridhia mkataba wa WHO mwaka 2007. Ugoro wa sokoni unafungwa kwenye kipande cha karatasi na hauna neno hata moja. Lakini kwenye furushi la bibi, waliotengeneza harufu ya waridi na waliotengeneza sumu waliishi nyumba moja, wakila jani moja, na pua haiwezi kuwatenganisha. Kwa hiyo pua isitumike kama daktari.

Ukienda nyumbani likizo hii na una bibi au babu wa ugoro, usianze na mahubiri. Muulize anautengenezaje, msikilize mpaka mwisho, atakufundisha mengi. Halafu mwombe afungue mdomo kwenye mwanga. Kidonda au baka lolote, jeupe au jekundu, likizidi wiki mbili bila kupona, mpeleke akaangaliwe, hata kama haliumi. Hasa kama haliumi, maana hilo ndilo watu wanaloliacha.

Haya wadau, tuwe wote wiki ijayo. Nitawaambia habari za upepo wa Same na chaki zangu.